Simu ya Mama Mashine

Ukija Matongo ukauliza Atieno yuko wapi, watu watakukodolea macho na kukuambia nenda kaulize Shirati kwa Wajaluo. Uliza Mama Mashine. Hapo hata mtoto anayejifunza kutembea atakunyooshea kidole kwenye kibanda cha bati kinachotoa moshi mweusi, na ndani utamkuta mwanamke mrefu, mweupe kwa unga kuanzia kope mpaka kandambili, akikupigia kelele umwage mahindi haraka kabla dizeli haijaisha.

Mume wake alikuwa Mkurya wa hapa hapa. Kifusi kilimfukia shimoni akitafuta dhahabu, akamwachia mkewe watoto, mashine ya kusaga na wakwe wenye midomo. Wakwe hao hawakuwahi kumsamehe kosa moja tu, kwamba Wajaluo hawakeketi mabinti zao. Walimwita msagane, mwanamke asiyekeketwa, na kwetu msagane hata akiwa na wajukuu huhesabiwa mtoto. Mama mkwe wake alikuwa akimzuia asifungue lango la zizi, eti ng'ombe watapata mkosi. Mwenyewe alicheka tu. Alisema ng'ombe wa watu wasio na adabu hata kama wangempa bure asingewataka.

Mimi ni Tabitha, mke wa Heche. Nasema mapema ili msije mkanishangaa mbele ya safari. Sauti yangu ilikuwa ndani ya simu ya Mama Mashine, polisi waliitaka simu hiyo ifunguliwe, na kama ingefunguliwa mume wangu angekwenda jela na mimi ningekosa pa kulaza kichwa. Ukiniona nasimulia kwa hasira, basi jua hasira yenyewe bado ya moto.

Mashine ya kusaga ni mahali pa ajabu. Wanaume hawaji, na injini inapiga kelele kiasi kwamba mtu akitaka kukwambia neno lazima aweke mdomo sikioni. Pale ndipo wanawake wa Matongo walipoanza kumnong'oneza Mama Mashine habari za mabinti zao. Baadaye, simu zilipozagaa, wakawa wanamtumia ujumbe wa sauti. Mama aliyekuwa na binti ambaye wazee walikuwa wamepanga kumkeketa Desemba alisema hivi: "Mama Mashine, nina debe moja, litakuwa tayari Ijumaa." Basi. Ijumaa bodaboda ya mtu anayeaminika ingekuwa imesimama karibu na kisima, na binti aliyetumwa maji angevushwa Mto Mara, akapita njia za Nyambureti mpaka kwenye nyumba salama huko Serengeti. Nyumbani mama angepiga yowe kwamba mtoto ametoroka.

Regina wangu alipita njia hiyo. Nilipiga yowe mbele ya Heche, nikalia machozi ya kweli, maana kuachana na mtoto wako si mchezo hata kama umemtorosha mwenyewe. Heche alimtafuta mpaka Sirari. Aliporudi alikonda, akawa anakaa mlangoni akiangalia njia. Ndiyo maana nasema mume wangu si mnyama. Nilimwonea huruma, na bado sikumwambia kitu, kwa sababu Elieth, mdogo wake Regina, alikuwa anakua na zamu yake ilikuwa inakuja.

Wanawake waliosema "debe" kwenye simu ile walikuwa wengi. Mke wa mzee wa mila mmoja alikuwemo. Mke wa mchungaji alikuwemo. Mama Mashine hakufuta sauti hata moja, alisema mtoto akipotea njiani atahitaji kujua ni wa nani na aliondoka na nani. Aliifunga simu yake kwa namba za siri alizokuwa nazo kichwani peke yake, na kila aliyemkuta akiishika alimwona akigeukia ukuta kwanza.

Kisha Desemba moja ilipofika, Beatrice, binti wa shemeji yangu Simioni, aliingizwa kwenye sherehe. Mama yake ni Mokami. Mokami hakutuma debe. Sitamlaumu, kwa sababu aliamini alichoambiwa na mama yake, kama mimi nilivyoamini kabla sijawa na akili. Alimshonea mtoto gauni la manjano na akabaki nyumbani kupikia wageni, maana kwetu mama mzazi hakai karibu na mtoto saa hiyo.

Sisi wengine tulisindikiza. Miavuli, filimbi, nyimbo, na simu zimeinuliwa juu, kila mtu anarekodi, kwa sababu sherehe isiyorekodiwa siku hizi watu husema haikufana. Na mimi nilirekodi nyimbo, sauti tu. Mtoto alipoingizwa ndani ya nyumba ya ngariba, mimi na wanawake wengine tuliingia naye, na simu yangu iliendelea kurekodi mkononi bila mimi kukumbuka.

Damu haikukata. Ngariba aliweka majivu, akaweka sijui majani gani, ikaendelea. Simioni alikuwa ameenda Nkende kuchukua soda za wageni, kwa hiyo neno likawa la ndugu yake, mume wangu. Mwanamke mmoja alisema mwalimu ana gari, tumwite. Heche, aliyekuwa mlangoni, akajibu kwa sauti ninayoijua kuliko yangu: "Hospitali hakuna kwenda. Daktari akimwona atapiga simu polisi, tutakamatwa wote mpaka baba yake. Atatulia tu."

Nilitoka nyuma ya nyumba, nikamtumia Mama Mashine sauti yote nzima kama ilivyokuwa, nikaongeza: "Njoo na gari." Alikuja. Alikodi pikapu ya mtu wa dizeli akaja mbio mpaka akaangusha bamba la namba njiani. Alikuta tayari wameshamfunika Beatrice shuka.

Nikafuta sauti ile kwenye simu yangu. Niliogopa Heche ataikuta.

Waliozika walizika haraka, wakasema malaria. Mama Mashine hakukubali. Kesho yake alikwenda kituo cha polisi mwenyewe, bado ana unga kwenye nywele, akasema mtoto ameuawa na ana ushahidi wa sauti. Hapo ndipo alipokosea, kosa la mtu mkweli. Alidhani atashika simu yake mkononi, awasikilizishe sauti ile moja, aondoke. Afande Ezra, mpelelezi, akamwambia kielelezo hakishikwi na mwenyewe. Simu inachukuliwa yote, inatolewa kila kilichomo, na mawakili wa washtakiwa nao watapewa nakala, ndiyo sheria.

"Na sauti nyingine?" aliuliza Mama Mashine.

"Zote, mama. Mahakama haichagui."

Akabonyeza kitufe pembeni akaizima. Simu za aina ile ukizizima, zikiwaka hazitaki kidole wala uso, zinataka namba za siri. Akaiweka mezani na kukunja mikono.

Kaburi lilifukuliwa. Daktari alithibitisha mtoto amekeketwa na amekufa kwa kupoteza damu, lakini daktari haoni mkono wa nani wala mdomo wa nani. Ngariba alikuwa ameshavuka Sirari kwenda kwa ndugu zake Kenya. Tuliobaki wote tuliulizwa mmoja mmoja, na wote tukasema hatukuona. Na mimi nilisema hivyo, nikiwa nimekaa kwenye benchi karibu na mume wangu.

Basi kesi yote ikabaki ndani ya simu. Wakaleta kijana wa makao makuu na kompyuta yake na nyaya zake, akakaa nayo mpaka akachoka. Alisema akiendelea kubahatisha namba, simu itajifuta yenyewe. Wakawaandikia wenye kampuni huko ng'ambo waliotengeneza simu, wawasaidie kuifungua. Jibu likachelewa, wakubwa wakaandika tena kwa ukali, na hatimaye jibu likaja. Afande Ezra alimweleza Mama Mashine mbele yangu siku nilipompelekea uji.

"Wanasema hata wao hawana ufunguo," alisema. "Na wanasema wakitengeneza ufunguo wa simu hii, ufunguo huo huo utafungua za watu wote duniani walionunua simu hizo. Mimi nawaambia mtoto amekufa, wao wananiambia habari za watu wa dunia!" Alipiga meza. "Wakubwa bado wanawabana. Lakini mimi nina mahakama inayonisubiri hapa. Umebaki wewe, Mama Mashine."

"Wewe ungekuwa kampuni ungefanyaje, afande?"

"Ningefungua. Nina binti wa umri ule ule."

Aliongea kwa uchungu, na nilimwamini. Nataka hilo lieleweke. Ingekuwa rahisi kumchukia Afande Ezra, lakini alikuwa anatafuta kile kile ambacho Mama Mashine alikuwa anakitafuta.

"Nani alikutumia?" akamuuliza. "Nitajie huyo mmoja tu. Akija akasimama kizimbani akasema alichosikia, simu yako siihitaji."

Mama Mashine hakunitazama. Alitazama uji. "Yawa, jamani," alisema, "huu uji hauna hata sukari."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mlevi. Sasa nilikuwa najua. Kulikuwa na njia mbili tu za kumpatia Beatrice haki yake. Ama simu ifunguke na wanawake wote wale waonekane, ama mdomo wangu ufunguke na nionekane peke yangu. Na ule uji, msije mkafikiri niliupeleka kwa wema. Heche ndiye aliyenituma.

"Nenda kamwangalie yule Mjaluo," alikuwa ameniambia. "Usikie kama atafungua."

Nilipofika aliniuliza kabla sijavua kanga. "Amesemaje?"

"Hafungui."

Akashusha pumzi. Akaenda kukaa kwenye kiti chake cha mlangoni, kisha akasema bila kugeuka: "Mama Regina, siku ile ndani mlikuwa wanawake. Nani alikuwa anarekodi?"

"Baba Regina, nani ambaye hakuwa na simu? Ilikuwa sherehe."

"Wewe ulikuwa na simu."

"Nilikuwa na simu."

"Ilete."

Nikaileta. Aliipekua kwa vidole vyake vikubwa, taratibu, akisikiliza salamu za kanisani na sauti za dada zangu. Elieth alikuwa anachambua maharage karibu yetu, na mimi nilisimama nikiangalia mikono ya mtoto kwa sababu sikuweza kuangalia kwingine. Hakukuta kitu. Akanirudishia akasema, "Nilikuwa naogopa tu, mke wangu. Niliogopa tutafungwa wote, mimi na Simioni, na hizi nyumba zitabaki na nani? Nilidhani atatulia." Akalia. Nilimshika bega. Nilimpenda saa ile, na nilimchukia mpaka meno yakauma, vyote kwa pamoja.

Kijiji nacho kilikuwa kimechemka. Wanawake wa madebe walikuja kwangu mmoja mmoja, wakijifanya wanaazima ungo, wakaninong'oneza niende nikamwambie Mama Mashine avumilie. Mke wa yule mzee wa mila alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye mfuko, tayari kukimbilia kwao simu ikifunguka. Waume zao walishaanza kusikia kwamba mle ndani kuna majina, na walikuwa wanangojea kama watu wanaongojea matokeo ya mtihani. Mashine ilikuwa imefungwa. Watu walibeba mahindi mpaka kijiji cha pili na kumtukana Mama Mashine njia nzima. Watu wana visirani! Mwanamke anashinda kituo cha polisi kwa ajili yao, na wao wanalalamikia umbali wa unga.

Kila siku alikuwa anaitwa, anahojiwa, jioni anaachiwa, asubuhi anaitwa tena. Kisha likaja neno kwamba atapelekwa mahakamani Tarime kwa kuzuia upelelezi, na kwamba safari hii hawatamwachia. Heche akasema, "Nenda, mpelekee chakula, mwambie tuko pamoja naye." Nilipika ugali kwa dagaa. Njiani kila bodaboda iliyopita nilitamani inigonge kidogo, nivunjike mguu, nisifike.

Nilimkuta Mokami pale. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, na mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji mbele ya Mama Mashine. Afande Ezra alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo, na simu ilikuwa mezani ndani ya mfuko wa nailoni.

"Fungua," alikuwa anasema Mokami. "Mama Mashine, sikukutumia debe, najua. Sikuwa na akili. Nipige, nitukane. Lakini fungua. Wameniambia alilala tu, akalala moja kwa moja. Nataka kusikia mwenyewe."

"Mama, inuka."

"Siinuki. Wanao wewe wako hai. Hao wanawake unaowaficha, mabinti zao wako hai, wako Serengeti wanasoma. Wangu yuko wapi? Ni wangu tu asiye na wa kumlinda?"

Mama Mashine alijaribu kusema. Alisema simu haina mlango wa mtu mmoja mmoja, akiifungua kwa ajili ya Beatrice amewafungulia wote, na wapo watakaovunjwa mbavu usiku huo huo, na wapo mabinti watakaorudishwa. Sauti yake ilikuwa inakatika. Mokami alimshika miguu tu, akaiegemezea paji lake la uso. Nimemjua Mama Mashine miaka yote hiyo, nimemwona akibeba gunia begani, nimemwona akifukuza walevi kwa mpini, na sikuwahi kumwona akishindwa. Siku ile nilimwona. Alifumba macho, akanyoosha mkono, akautoa mfuko mezani, akaitoa simu.

Afande Ezra akageuka. Simu ikawaka, ikaonyesha ile picha ya kufuli, na kidole cha Mama Mashine kikagusa namba ya kwanza.

Nilikuwa bado nimesimama mlangoni na bakuli la ugali. Nawaambia ukweli, niliwaza nyumba yangu. Niliwaza Heche akipelekwa akiwa amefungwa pingu, na ndugu zake wakitupa vitu vyangu nje, na Elieth akinyang'anywa mikononi mwangu na kupewa bibi yake. Kidole kikagusa namba ya pili.

"Acha, Mama Mashine," nilisema.

Kidole kikasimama.

"Zima. Mimi nitasema. Afande, mimi ndiye niliyerekodi, mimi ndiye niliyemtumia. Nilikuwa ndani."

Afande Ezra alinikaribia taratibu, kama mtu anayemkaribia kuku anayetaka kumkamata. "Mama Tabitha, uliniambia hukuona."

"Nilikudanganya."

"Aliyekataza asipelekwe hospitali ni nani?"

"Ni mume wangu. Heche."

Mokami alitoa sauti ndogo. Heche ni shemeji yake, ndiye aliyesimamia mazishi, ndiye aliyemshika mkono kaburini. Afande akaniweka kwenye kiti. Aliniambia jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwa kuniambia, kwamba sheria hainilazimishi kutoa ushahidi dhidi ya mume wangu. Nikitaka, naweza kunyamaza, na hakuna atakayenifanya kitu. Ni hiari yangu.

"Umeelewa?" aliuliza.

"Nimeelewa."

"Unaendelea?"

Nikamtazama Mama Mashine. Alikuwa ameshaizima simu, ameiweka mezani, na mikono yake miwili ilikuwa juu yake. Alitikisa kichwa. Sikujua kama ananizuia au ananihurumia, na sikumuuliza.

"Naendelea," nilisema.

Mokami akainuka kutoka sakafuni. Nilidhani ananijia kunipiga, na nilikuwa tayari. Nilikuwa nimekula kwake wiki zote zile za msiba, nimemkanda mgongo, nimemwambia ndiyo, shoga yangu, alilala tu. Alivuta kiti kingine, akakaa, magoti yetu yakagusana. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mama Regina," alisema, "aliniita?"

Afande Ezra alikuwa na kalamu mkononi. Hakuandika.

"Alikuita," nilisema.

"Mara moja?"

Nilitaka kudanganya. Mungu anajua nilivyotaka. "Alikuita mpaka mwisho."

Mokami akatingisha kichwa polepole. Nje askari mmoja alikuwa anawasha pikipiki na haikuwaka. Mokami akasubiri kelele zile ziishe, kisha akanishika mikono yote miwili na kuikaza.

"Anza upya," aliniambia. "Anzia mlipotoka nyumbani kwangu. Na usiruke kitu."

Nikaanza.